Amlodipini pamoja na nani? Kuchagua jozi ya dawa za presha kwa mtu wa Lamu

Mtu akipimwa kwa siku mbili tofauti na mara zote presha ikasimama kwenye 160 kwa 100 au juu yake, kidonge kimoja ni nadra kumtosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendelea aanze na dawa mbili kwa pamoja, na ikipatikana, ziwe ndani ya kidonge kimoja. Kwa hiyo pale kliniki swali limehama. Zamani lilikuwa dawa gani, sasa ni jozi gani. Na kwa mgonjwa wa Amu, Siyu au Kizingitini huongezeka jingine: jozi gani itahimili mwezi wa Ramadhani, bahari ya kusi, na duka la dawa ambalo wiki hii lina hiki na wiki ijayo halina.

Jibu letu ni hili. Kwa watu wengi wa hapa, amlodipini iwe nguzo. Kinachobaki kujadiliwa ni nani asimame nayo: haidroklorothiazidi, dawa ya kutoa maji ambayo kwenye pakiti huandikwa HCTZ, au dawa ya ukoo wa losartani na enalaprili. Jozi ya tatu, losartani na HCTZ bila amlodipini, hupendwa kwa kuwa huuzwa ikiwa kidonge kimoja. Hiyo sisi tungeiweka nyuma.

Kwanza nambari iwe ya kweli

Hakuna jozi itakayofaa ikiwa presha yenyewe imepimwa vibaya, na hapa ndipo makosa huwa mengi kuliko kwenye dawa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa 2024 uliwapima watu 133, kila mmoja mkono ukiwa katika mikao mitatu. Mkono ukiegeshwa mezani, usawa wa moyo, ndiyo nambari ya kutegemewa. Ukilazwa mapajani, nambari ya juu ilipanda kwa karibu pointi 4. Ukining'inia ubavuni, ilipanda kwa 6.5.

Mkanda ni balaa zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2023, uliwachukua watu 195 na kuwapima kwa mikanda ya ukubwa tofauti. Mwenye mkono mnene sana, anayestahili mkanda mkubwa kuliko yote, alipofungwa mkanda wa kawaida nambari ya juu ilizidi kwa 19.5. Huyo ni mtu mwenye 128 anayeambiwa ana 147, akaanzishiwa dawa za maisha asizozihitaji. Kwa mwembamba kosa hugeuka: mkanda wa kawaida humpunguzia karibu pointi 4, akaambiwa yu salama naye siye.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine ya nyumbani, chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, uandike sentimita zake. Kisha soma zilizochapwa kwenye mkanda. Mikanda mingi ya kawaida huishia sentimita 32. Ukizidi hapo, omba mkubwa, hata kama muuzaji atakwambia huu unatosha kwa sababu umefika. Kufika si kutosha.

Siku ya kupima, mtu aliyetoka gatini juani au aliyepanda ngazi za nyumba ya mawe akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, bila kuzungumza. Nusu saa kabla yake asinywe kahawa wala kuvuta sigara, na haja ndogo aende kwanza. Miraa nayo hupandisha presha na mapigo kwa saa kadhaa, hivyo anayetafuna apimwe asubuhi kabla hajaanza. Baraza ni pazuri pa kupumzikia lakini halina meza, basi weka mito miwili chini ya mkono hadi kiwiko kifike usawa wa kifua. Mkono wa buibui au wa kanzu usikunjwe juu ukabana kama kamba. Utolewe nje kabisa, mkanda ufungwe juu ya ngozi, ukingo wake wa chini ukae vidole viwili juu ya kiwiko. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, uandike wastani.

Jozi tatu zilivyoshindana

Utafiti unaotuhusu kwa karibu ni ule uitwao CREOLE, uliochapishwa 2019. Ulifanywa Afrika: wagonjwa weusi 728 kutoka Kenya, Uganda, Nigeria, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini. Kundi la kwanza lilipewa amlodipini na HCTZ, la pili amlodipini na perindoprili, ndugu wa enalaprili, la tatu perindoprili na HCTZ. Walianza na amlodipini miligramu 5, HCTZ 12.5 na perindoprili 4, na baada ya miezi miwili zote zikaongezwa maradufu. Baada ya miezi sita walivalishwa mashine inayopima kwa saa 24, mchana na usiku. Jozi zote mbili zenye amlodipini ziliishinda ile isiyokuwa nayo kwa pointi 3 hivi za nambari ya juu. Zenyewe kwa zenyewe zilikuwa sawa.

Pointi tatu zinaonekana kidogo. Lakini huo ni wastani wa kundi zima, saa 24, baina ya dawa na dawa, wala si baina ya dawa na maji matupu. Sababu yake inajulikana. Kwa watu weusi wengi wenye presha, figo hushikilia chumvi na homoni iitwayo renini huwa chini. Perindoprili, enalaprili na losartani hufanya kazi kwa kuzuia mnyororo unaoanzia kwenye renini hiyo. Mnyororo ukiwa tayari umelegea, dawa haina cha kukamata. Amlodipini haipiti huko: hulegeza misuli ya mishipa moja kwa moja. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002, ALLHAT, wenye wagonjwa 33,357, ulionyesha jambo la ukoo huohuo na zito zaidi: miongoni mwa weusi, waliopewa lisinoprili, nayo ndugu wa enalaprili, walipatwa na kiharusi kwa asilimia 40 zaidi ya waliopewa dawa ya kutoa maji.

Lamu ina damu nyingi zilizochanganyika, na wastani wa kundi hauwezi kusema habari ya mtu mmoja. Ndiyo maana tunasema anza na nguzo hiyo, kisha upime baada ya wiki nne. Dawa itajieleza yenyewe.

Amlodipini na HCTZ

Hii ndiyo ya mtu ambaye figo zake ni nzima na hana kisukari, hasa anayeishi mbali na maabara. Zote mbili ni dawa za zamani, za bei nafuu, na humezwa mara moja kwa siku. HCTZ ianze na 12.5. Kidonge mara nyingi huja cha 25, basi kipasuliwe katikati. Kupita 25 hakuongezi sana nguvu bali madhara.

Madhara yenyewe ni haya. Hushusha potasiamu, mtu akahisi misuli kukakamaa, uchovu, au moyo kurukaruka. Huamsha jongo kwa mwenye jongo, na huko kidole gumba cha mguu kitawaka usiku. Kwa wazee, hasa kina bibi waliopita miaka 70, huweza kushusha sodiamu. Bibi aliyeanza HCTZ wiki tatu zilizopita na sasa anachanganya majina ya wajukuu, asiambiwe ni uzee. Apimwe sodiamu kwanza. Na figo zikiwa zimechoka sana, HCTZ hupoteza nguvu, itafutwe nyingine.

Kuna wanaohangaika kutafuta klorthalidoni, dawa nyingine ya kutoa maji, kwa kuwa husifiwa kuwa na nguvu zaidi. Utafiti wa maveterani 13,523 wa Marekani, uliotoka 2022, uliilinganisha na HCTZ ukakuta viharusi, mshtuko wa moyo na vifo havikupungua zaidi, ila potasiamu ilishuka zaidi. HCTZ ikiwepo rafuni, inatosha.

Amlodipini na losartani, au enalaprili

Hii ichaguliwe kwa mwenye kisukari ambaye mkojo wake umeonyesha protini, kwa mwenye figo zilizoanza kuchoka, na kwa mwenye jongo. Faida yake nyingine haisemwi vya kutosha: hupunguza uvimbe wa miguu. Amlodipini hufungua mishipa inayopeleka damu kuliko inayoirudisha, maji yakajichuja vifundoni. Jioni ukibonyeza kwa kidole pale juu ya kifundo, shimo hubaki. Mtu mwenye miguu hiyo peke yake, bila kuhema wala kukosa pumzi alalapo, uwezekano mkubwa ni kidonge. Huongezeka sana akifikishwa 10. Kumwongezea furosemidi, dawa kali ya kutoa maji, kama inavyofanywa mara nyingi, hakumsaidii kitu kwa sababu maji hayakujaa mwilini, yamehama tu mahali. Kinachosaidia ni kurudi kwenye 5 na kuweka losartani, ambayo hufungua na upande wa pili.

Enalaprili huleta kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kisicho na makohozi, wiki au miezi baada ya kuanza. Hicho hakiponi kwa antibiotiki wala dawa ya maji ya kikohozi. Dawa ikibadilishwa kuwa losartani, hukoma ndani ya wiki chache. Midomo au ulimi ukivimba, hilo ni jingine kabisa: acha dawa, nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiirudie enalaprili maishani. Watu weusi hupatwa nalo zaidi.

Mja mzito asipewe losartani wala enalaprili kwa hali yoyote, kwani huharibu figo za mtoto. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, aanze na nyingine. Kwenye ujauzito, methildopa na nifedipini ya kuachia polepole ndizo zenye historia ndefu ya usalama.

Anayeanza ukoo huu apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, na potasiamu kabla, kisha tena baada ya wiki mbili hadi nne. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30 huvumiliwa. Ikipita hapo, kuna jambo la kutafutwa. Mtu wa Ndau au Kiunga ambaye kipimo hicho ni safari ya siku nzima, na hana kisukari, tungemwanzisha jozi ya kwanza.

Kosa moja tunaliomba liishe: losartani kutoka zahanati moja na enalaprili kutoka nyingine, zikamezwa pamoja. Utafiti wa ONTARGET wa 2008 uliwajaribu wagonjwa 25,620 na dawa mbili za jinsi hiyo. Kuziunganisha hakukuokoa zaidi, kuliumiza figo zaidi.

Losartani na HCTZ

Iliyojaribiwa kwenye CREOLE ni perindoprili, si losartani, lakini zote hukata mnyororo mmoja. Jozi hii ina nafasi yake: kwa mtu ambaye amlodipini imemshinda hata kwa miligramu 5, na kama hatua ya tatu, pale amlodipini inapoongezwa juu yake. Aliye nayo tayari na presha yake imetulia chini ya 130 kwa 80, aachwe nayo. Hakuna sababu ya kumvuruga.

Hatari yake kubwa ni dawa za maumivu. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, fundi wa majahazi wa Matondoni anayeinama juu ya ubao tangu asubuhi, wote hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kuulizwa. Losartani, HCTZ na diklofenaki zikikutana katika mwili uliokaukiwa maji, figo hubanwa pande tatu, na zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Isitoshe, diklofenaki yenyewe hupandisha presha. Kwa maumivu, parasetamoli.

Dawa tatu ndani ya kidonge kimoja

Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Abuja, Nigeria, uitwao VERONICA. Wagonjwa 300 waligawanywa: nusu kidonge kimoja chenye dawa tatu za dozi ndogo, telmisartani (ya ukoo wa losartani), amlodipini na indapamidi (ya kutoa maji), nusu wakafuata hatua za kawaida za nchi. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 81 ya kundi la kidonge walikuwa chini ya 140 kwa 90, wenzao asilimia 55. Baada ya miezi sita ikawa 82 kwa 72. Kilichotuvutia ni ule mwezi wa kwanza. Mgonjwa ambaye hurudi kliniki mara moja kwa msimu hana nafasi ya kupandishwa hatua nne. Marekani ilikiidhinisha kidonge cha aina hii 2025. Kabla hakijafika kwenye rafu za huku, dawa hizohizo zinaweza kuandikwa kila moja peke yake kwa dozi ndogo, na daktari asione haya kuanza na tatu kwa mwenye 180.

Asubuhi au usiku, na Ramadhani

Ubishi wa saa umekwisha. Utafiti wa TIME wa Uingereza, 2022, uliwafuata watu 21,104 kwa miaka mitano hivi: waliomeza asubuhi na waliomeza usiku walipatwa na viharusi na mshtuko wa moyo sawasawa. Kanada walipata jibu hilohilo 2025. Kwa anayefunga, hiyo ni habari njema, kwani saa inaweza kuhamishwa bila hasara.

Amlodipini na losartani zimezwe kwa futari au kwa daku, lolote usilosahau. HCTZ tungeiweka kwenye futari. Ukiimeza kwa daku, asubuhi itakukojoza maji ambayo huwezi kuyarudisha hadi magharibi, na kwenye joto la hapa kizunguzungu cha alasiri huanzia huko. Kati ya futari na daku, maji yanywewe kidogo kidogo, wala si jagi moja karibu na adhana. Kaptoprili, ndugu wa enalaprili wa mara tatu kwa siku, haikai na mfungo, basi ibadilishwe mapema. Mwezi wa kwenda kuulizia haya ni Shaabani, si usiku mwezi unapoandama. Mwenye figo zilizochoka au anayetumia furosemidi aulize hata kabla ya hapo.

Chumvi ipi

Chumvi huvunwa jirani yetu, kwenye mabwawa ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Nayo haina kosa ila wingi. Kiasi cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Mbadala uliochunguzwa vizuri ni chumvi iliyopunguzwa sodiamu, robo yake ikiwa potasiamu. Nchini China, vijiji 600 na watu karibu 21,000 walifuatwa takriban miaka mitano, matokeo yakatoka 2021: waliopewa chumvi hiyo walipungukiwa na kiharusi kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike majumbani, isipokuwa kwa waja wazito, watoto na wenye figo mbovu.

Hapa jozi na jiko hukutana. Anayetumia amlodipini na HCTZ, figo zikiwa nzima, chumvi hiyo humrudishia potasiamu anayoipoteza. Anayetumia losartani au enalaprili, mwili wake hushikilia potasiamu, hivyo apimwe kwanza. Anayetumia spironolaktoni, dawa nyingine inayoshikilia potasiamu, chumvi hiyo asiitumie kabisa.

Kama chumvi hiyo haipatikani, anza na samaki. Ng'onda na papa mkavu warowekwe usiku kucha, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili, kisha mchuzi upikwe bila kuongeza chumvi hadi uonjwe. Ndimu na ukwaju hufanya kazi kubwa hapo.

Kusi ikivuma

Kuanzia Aprili hadi Septemba kuna siku mashua haiondoki, na hapa amlodipini huonyesha ubora ambao majedwali ya tafiti hayauonyeshi. Nusu ya dozi hubaki mwilini kwa saa 30 hadi 50. Ukikosa siku moja, presha haipandi ghafla, nawe usimeze viwili kesho yake kufidia. Kinyume chake ni atenololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo: ukiikata ghafla, moyo unaweza kushtuka vibaya, kwa hiyo anayeitumia asikubali kubakiwa na chini ya wiki mbili. Losartani 50 ikikosekana dukani, telmisartani 40 ni ya ukoo uleule na daktari anaweza kuibadilisha. Nifedipini ya kuachia polepole nayo inaweza kushika nafasi ya amlodipini, ila isipasuliwe wala kusagwa. Ile ya kutobolewa na kudondoshewa chini ya ulimi ikataliwe, kwani huangusha presha kwa kishindo na ubongo ukakosa damu.

Presha ikitulia, omba dawa za miezi mitatu kwa mara moja. Siku ya kwenda, tia pakiti zote kikapuni, hata tupu, hata za maumivu, hata za mitishamba, umwage mezani mbele ya mhudumu kabla hajaandika kitu.